Kijivu cha Kitale, Kijivu cha Bungoma

Weka kadi mbili za rangi ya kijivu kwenye kaunta ya duka la rangi mjini Kitale, utadhani ni pacha. Zikishapakwa ukutani, moja huvuta kwenye buluu na nyingine kwenye udongo. Kijivu cha kopo ni rangi nyeupe iliyotiwa weusi, kisha ikaongezwa matone ya manjano, wekundu au buluu. Jicho hupambanua rangi kwa aina 3 tu za chembe, kwa hiyo michanganyiko miwili tofauti yaweza kuonekana sawa chini ya taa ya duka, ikaja kuachana kabisa nyumbani.

Mwanga wa huku kwetu nao una mambo yake. Ushauri wa Ulaya husema chumba chenye dirisha la kaskazini hakipati jua. Kitale iko takriban nyuzi 1 kaskazini mwa Ikweta: Juni jua la adhuhuri huinamia kaskazini, Desemba likainamia kusini. Tena huwa juu mno, hata upenu wa mabati huzuia miale yake. Mwanga unaoingia ndani basi hutoka angani, au umekwisha gonga kitu huko nje. Penye shamba la mahindi mbele ya dirisha, ukuta hupokea ukijani mwezi Juni, na rangi ya mabua makavu ifikapo Novemba.

Sakafu nayo isisahaulike. Saruji iliyopakwa rangi nyekundu hurusha wekundu sehemu ya chini ya ukuta, huku jicho, kwa kuzoea wekundu huo, likiona kijivu kilicho kando yake kama kina ukijani. Mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alieleza jambo hili katika kitabu chake cha 1839. Ndiyo sababu sipendi kujaribu rangi mpya juu ya ukuta wa zamani: rangi ya zamani inayoizunguka huipotosha.

Chukua vipande viwili vya ubao, vipake mikono miwili, uache ukingo mweupe. Visimamishe kila ukuta kwa zamu, uvitazame saa mbili asubuhi, saa saba mchana, na saa kumi jioni mvua inapotanda. Usiku washa balbu utakayotumia: ya 6500K hukoleza buluu, ya 3000K huamsha manjano.

Kwa Kitale, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi, ningechagua kijivu chenye udongo kidogo, maana baridi na mawingu ya Julai hukifanya kijivu cha buluu kifanane na chuma. Bungoma iko chini zaidi na ina joto. Huko buluu hupoza sebule vizuri. Ukishaamua, nunua makopo yote siku moja na uyachanganye kwenye ndoo kubwa kabla fundi hajachovya rola, kwani hata kopo na kopo la namba moja huweza kupishana.