Besi ya milioni 3 na siri ya shingoni

Msomaji wangu, kuna biashara moja haitaki ujanja, nayo ni kumuuzia chombo mwanamuziki mwenzako. Mtu wa mtaani ukimuuzia kochi bovu mnaweza msionane tena mpaka Kiyama. Lakini mpiga besi mwenzako utakutana naye tu, kama si ukumbini basi msibani, na Jumamosi atakuwa kalivaa gitaa lako la zamani mbele ya umati.

Nayasema haya kwa sababu mwaka jana nusura niumbuke.

Nilikuwa na Fender Jazz Bass. Wenye kazi yao wanaijua. Leo Fender, fundi wa California, alitoa besi yake ya umeme iitwayo Precision mwaka 1951, na hii Jazz Bass ikafuata 1960. Shingo yake ni nyembamba, mkono hauchoki. Ina pikapu mbili, na pikapu ninazosema si zile za kubebea mchanga; ni sumaku zilizokaa chini ya nyuzi, zinazonasa mtikisiko na kuupeleka kwenye amplifaya. Asikwambie mtu, ukiipigia rhumba inanguruma, lakini kila noti unaisikia peke yake.

Niliinunua Muscat mwaka 1999, tulipokwenda kupiga hotelini kwa mkataba. Hoteli ya jirani kulikuwa na bendi ya Wafilipino, na mpiga besi wao alikuwa anarudi kwao. Kabla hata sijaishika akaanza kunionyesha: hapa pana kutu, hapa rangi imebanduka, swichi hii ya sauti inakwaruza. Akataka riali 250. Nikampa. Mtu anayekuonyesha mwenyewe ubovu wa mali yake utaanzaje kumlalia?

Vijana wa leo hamjui, lakini kumiliki chombo lilikuwa jambo kubwa. Enzi zetu vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Ukihama bendi unahama na vidole vyako tu. Kwa hiyo siku niliyoshuka Dar na besi yangu mgongoni, nilijiona bwana mkubwa.

Basi bwana, mwaka jana binti yangu wa mwisho akapata nafasi ya chuo. Furaha tele, mfukoni patupu. Nikawaambia wenzangu wachache kwamba nauza, bei milioni 3. Si unajua wanamuziki, siku mbili nyingi, habari imefika Kinondoni.

Sasa siri yenyewe hii hapa. Ndani ya shingo ya besi kuna chuma kirefu. Nyuzi nne zikishakazwa zinaivuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, sawa na mtu mzima kuning'inia pale usiku na mchana. Kile chuma ndicho kinachovuta upande wa pili ili shingo isipinde. Ikianza kupinda unakikaza kidogo kwa spana ya L. Chuma changu kilikuwa kimefika mwisho, hakikazi tena. Kosa langu mwenyewe: miaka mingi niliiacha dirishani, joto na unyevu vyote vyake, tena na nyuzi nene.

Nikafanya nini? Nikalegeza nyuzi, nikaibana shingo kwenye ubao siku mbili, ikanyooka kama rula. Nikafunga nyuzi, nikaipiga, tamu kama mpya. Nilijua fika kwamba baada ya wiki chache itapinda tena. Lakini nikajisemea moyoni, wiki chache zikipita ada itakuwa imeshalipwa.

Dogo akaja. "Shikamoo mzee." Marahaba, kaa. Alikuwa anapigia besi ya kuazima kwenye bendi yake. Akaichomeka, akafumba macho, akapiga. Jamani, mtoto anajua! Akatazama rangi, akasoma namba kichwani inayoanza na N5, ya miaka ya 90, ya Marekani kweli. Shingo hakuitazama hata mara moja. Akatoa bahasha.

"Mzee, hii nimechanga, na nyingine ni upatu wa mama. Kanipa wote."

Mama watoto alikuwa analeta chai. Akaweka sinia mezani, akaniangalia. Hakusema neno. Ubao ule wa kubania shingo alikuwa ameuona.

Nikamwambia, "Dogo, rudisha bahasha kwanza. Njoo hapa mwangani."

Nikamfundisha kuitazama shingo kutoka kichwani, jicho moja limefumbwa, kama seremala anavyotazama ubao. Nikamwonyesha tundu la spana, nikamwambia kimefika mwisho, na kwamba hapo nimeinyoosha kwa muda tu. Nikamwonyesha pia namna ya kukagua besi yoyote: piga kila noti mpaka chini kabisa usikilize kama kuna unaokwaruza, zungusha swichi zote, tikisa waya pale unapochomekwa. Na usiamini jina lililoandikwa kichwani, maana jina linabandikwa.

Akanyamaza. Halafu akauliza, "Sasa mzee, mbona unaniambia?"

"Aliyeniuzia mimi aliniambia."

Tukapatana milioni 2. Kwa bahati shingo ya besi hii haikugundishwa, imeshikwa na skrubu nne, hivyo inabadilishwa. Nikamshauri aweke nyuzi nyembamba, hazivuti sana, na ile milioni iliyobaki atafutie shingo nyingine.

Sisemi niliishi raha baada ya hapo. Milioni moja si mchezo. Amplifaya yangu nayo ikaondoka, ada tukailipa kwa awamu, na wiki nzima nilikuwa najiuliza kama mimi ni muungwana au ni mjinga tu. Mama watoto alinijibu mara moja: "Kesho ungemsalimiaje mama yake?"

Miezi minne baadaye nilikwenda kuangalia dansi. Nikiwa bado nje, nalipa kiingilio, nikaisikia. Niliitambua kabla sijamwona anayeipiga. Nikaingia, nikaona shingo mpya, ya rangi tofauti kidogo na ya zamani. Dogo akaniona, akanipungia mkono katikati ya wimbo.

Nikampungia, nikavuta kiti mbele kabisa.