Southend: gati lililofuata maji

Mji wa Southend uko Essex, mashariki mwa London, pale Mto Thames unapopanuka na kugeuka bahari. Bahari yenyewe haina kina. Maji yakipwa hukimbia zaidi ya kilomita moja na nusu, yakaacha tope tupu lenye mitaro midogo, mashua zimelala ubavu, na ndege wenye midomo mirefu wakidonoa. Mgeni wa bara akifika saa hiyo hudhani bahari imekauka. Mtu wa pwani yetu hashangai kiasi hicho, maana bamvua tunalijua. Ila kwetu Mombasa tofauti ya maji kujaa na kupwa ni kama mita 3 na nusu hivi wakati wa bamvua, na kule hupita mita 5.

Tope hilo ndilo lililozaa gati. Mwanzoni mwa karne ya 19 watu wa London walianza kuja pwani kupunga upepo, wakishuka Thames kwa meli za mvuke. Meli ikiikuta Southend maji yamekupwa haikuwa na pa kufunga, basi abiria na fedha zao wakapitiliza hadi Margate. William Heygate, aliyewahi kuwa Meya wa London, akalipigania jambo hilo, na gati la kwanza la mbao likafunguliwa mwaka 1830. Kumbe lilikuwa fupi mno: maji yakipwa, ncha yake nayo inabaki topeni. Wakaongeza, maji yakawakimbia. Wakaongeza tena, hadi kufikia 1846 lilikuwa limepita kilomita 2. Hili la chuma linalosimama sasa, kazi ya mhandisi James Brunlees, lilifunguliwa 1889. Ni refu kuliko magati yote ya starehe duniani, na napenda kwamba sifa hiyo haikutokana na majivuno. Walikuwa wanayafuata maji tu.

Nilifika Oktoba, shule za huko zikiwa zimefungwa kwa wiki moja, nikiwa mgeni wa mpwa wangu aliyeolewa Essex. "Mjomba, upepo wa kule si wa ufuo wetu wa Mama Ngina," aliniambia mlangoni, akinivisha koti la mumewe. "Utashukuru." Watoto wake walitaka treni. Ndiyo, gati lina reli yake, tangu mwaka 1890, na treni ndogo ya umeme inakupeleka hadi mwisho. Mimi nilitembea, na ndivyo ninavyomshauri kila mtu. Nusu saa ya kutembea juu ya mbao, mji unazidi kupungua nyuma yako, na kwenye nafasi kati ya ubao na ubao unaona tope, halafu tope lenye maji, halafu maji peke yake. Kwenye treni hayo yote unayapita watoto wakigombania dirisha.

Ya michezo ya sarafu na malai iliyo upande wa mjini sina la kusema; ipo, ina kelele, watoto wanaipenda.

Gati hili limeona mengi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la wanamaji lililichukua, likaliita HMS Leigh, na misafara ya meli ikawa inapangwa hapo kabla ya kutoka baharini. Limeungua mara kadhaa: 1959, 1976, kisha 2005. Na mwaka 1986 meli iitwayo Kingsabbey ililigonga karibu na mwisho, ikalipasua, ncha ikabaki imetengana na gati lenyewe. Kila mara wamelitengeneza.

Wavuvi wametengewa sehemu yao kule mwishoni, na kibali cha gati hununuliwa. Serikali ya Uingereza haidai leseni kwa anayevua baharini kwa ufito, isipokuwa samaki wachache kama salmoni. Mimi nimekulia Kibokoni, Mombasa, nikavua kwa mshipi wa mkononi tangu utotoni, kidole ndicho kinachosikia samaki. Kule uzi uko kwenye ufito mrefu ulioegemezwa kwenye reli, na kazi ya kidole inafanywa na jicho: unakodolea ncha. Ikitikisika kidogo kidogo, kuna mdokoaji. Ikiinama ghafla, inuka.

Chambo chao ni nyungunyungu wa baharini, anayechimbwa kwenye tope lile lile maji yakipwa. Mzee mmoja mstaafu, amekaa juu ya ndoo, alinionyesha. Unaanza kichwani, unapitisha ndoana ndani ya mwili kwa urefu, unamsukuma nyungunyungu ajivike kwenye ndoana na uzi kama soksi mguuni. Hapo hutoka majimaji ya manjano yanayopaka vidole, na sabuni haiyatoi upesi. Kisha unazungusha uzi mwembamba wa mpira, mzunguko juu ya mzunguko, ili mkondo usimchomoe. Mkondo wa pale si mchezo. Ndiyo maana chubwi yao imechomozwa miguu ya waya migumu inayong'ang'ania chini. Chubwi ya kwetu, laini, ingesombwa hadi kwenye nyuzi za jirani, na ugomvi wa nyuzi ni ule ule duniani kote.

Usimnyanyue samaki mkubwa kwa uzi mtupu, kwa kuwa gati liko juu na uzito wake utaukata. Kuna wavu wa duara unaoteremshwa kwa kamba. Mmoja anamwongoza samaki, mwenzake anavuta. Na ukimwona kidagaa wa kahawia mwenye pezi jeusi mgongoni, aitwaye weever, usimshike. Miiba yake ina sumu, na dawa ni ile tunayoijua kwa mwiba wa tasi: maji ya moto kadiri utakavyostahimili, bila kujichoma.

Kiangazi hupatikana bass, chuchunge, na papa wadogo wasiong'ata. Vuli na baridi ni zamu ya whiting, samaki mweupe wa wastani, mwenye pupa. Mzee alisema zamani majira yale cod wakubwa walitoka hapo. Siku hizi ni wachache, na wavuvi wengi wa kusini mwa Uingereza watakwambia hivyo hivyo.

Samaki wangu wa kwanza alikuwa bass, kifuani kama fedha. Mzee akatoa rula, akamlaza: hakufika sentimita 42, kipimo cha chini cha sheria, basi akarudi majini. Kwetu samaki wa kimo kile tayari yuko kikaangoni. Mpwa wangu akacheka, "Mjomba, usimwangalie hivyo, ameshakwenda."

Whiting walianza kula maji yalipokuwa yanajaa na mwanga umepungua, wakaja wawili wawili. Wenye kimo tuliwachukua nyumbani. Nyama ya whiting ni laini mno. Nilitaka tumpike wa nazi, mpwa wangu akakataa, akasema atavurugika abaki mchuzi wa miiba. Tuliwapaka chumvi, ndimu na pilipili manga, tukawaviringisha kwenye unga na kuwakaanga, wakaliwa kwa ugali wa unga wa mahindi alioununua kwenye duka la Wanigeria.