Mafuta Yenye Kiu

Msomaji wetu wa Karatu ana Land Cruiser ya mwaka 1994, injini ya 1HZ, na msimu ukifika huibebesha wageni wanaoshuka kreta ya Ngorongoro. Fundi wake amemwandikia orodha: shokapu zote nne zimekufa, tairodi zinacheza, rejeta inavuja, mkanda wa taiming haujulikani ulibadilishwa lini, kiyoyozi hakipulizi, oili inadondoka nyuma ya injini, mlango wa kushoto umeliwa na kutu, rangi imechakaa. Chini kabisa, kwa kalamu nyingine, ameongeza: "mafuta ya breki". Fedha aliyonayo haifiki hata nusu ya orodha hiyo. Anauliza aanze na lipi.

Aanze na la mwisho.

Sitaeleza diski ni nini wala ngoma inafanyaje kazi. Aliyewahi kusubiri gari lake gereji kwa nusu siku anavijua vitu hivyo kuliko mimi. Kinachoninyima usingizi ni kile kilichomo ndani ya paipu, kwa sababu kwanza si mafuta. Chukua tone moja ulidondoshee kwenye kikombe cha maji. Tone la oili ya injini lingeelea na kung'aa juu. Hili linachanganyika na maji na kupotea. Mafuta ya breki ya kawaida hutengenezwa kwa glikoli-etha, na molekuli zake zina atomi za oksijeni zinazopenda kushikana na maji. Kusema "yanafyonza" unyevu hakunitoshi, maana kitambaa nacho hufyonza, na ukikianika kinarudisha. Haya hayarudishi. Yana kiu.

Na maji huyapata. Mpira wa breki unazuia mafuta yasitoke, lakini hauwezi kuzuia kabisa mvuke wa maji usiingie. Mvuke hupenya ukuta wa mpira polepole, molekuli moja moja, hata gari likiwa limelala uani mwezi mzima. Mwingine huingia kupitia tundu dogo la hewa kwenye kifuniko cha kikopo, pale juu ya masta silinda.

Sasa utajiuliza, wahandisi walikosa kimiminika kisicho na kiu? Hapa ndipo penye utamu. Kiu hiyo inatakiwa. Mafuta yangeyakataa maji, maji yangekusanyika matone matone na kutelemka hadi sehemu ya chini kabisa ya mfumo, na sehemu hiyo ni kule gurudumuni, kwenye kalipa, palipo na moto kuliko kwingine kote. Tone la maji matupu likikaa hapo huchemka kwenye nyuzi 100 na kuacha kutu. Mafuta yenye kiu huyameza maji hayo na kuyasambaza mfumo mzima, kidogo kidogo, yasidhuru mahali pamoja.

Gharama ya wema huo ni kwamba kiwango cha kuchemka kinashuka. Viwango vya kimataifa vinataka DOT 3 mpya, moja ya madaraja ya mafuta haya, isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishakunywa maji ya asilimia 3.7, inaruhusiwa kuchemkia nyuzi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Asilimia tatu na ushee za maji, na nyuzi zaidi ya sitini zimekwenda!

Tupige hesabu ya barabara ya Seneto, ile inayoshuka kretani. Kutoka ukingo wa kreta hadi chini ni kama mita 600. Gari la tani tatu, wageni ndani, likishuka kimo hicho linaachia nishati ya megajuli 17 na nusu hivi, na kwa kuwa mwendo hauongezeki, nishati yote hiyo lazima igeuke joto mahali fulani. Ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji ya bombani. Injini hubeba sehemu yake dereva akitumia gia nzito. Akishuka kwa kukanyaga breki tu, mzigo unaziangukia diski na ngoma.

Na breki hazifi wakati umekanyaga. Mguu ukiwa juu ya pedali, shinikizo ndani ya paipu ni kubwa, na shinikizo hupandisha kiwango cha kuchemka. Hatari iko pale unapoachia. Umefika mahali tambarare, umenyanyua mguu sekunde mbili kupumzika, shinikizo limeanguka, na maji yaliyokuwa yamebanwa yanageuka mvuke papo hapo. Gramu moja ya maji ikiwa mvuke katika hewa ya kawaida huchukua nafasi ya lita 1.7 hivi. Kona inayofuata unakanyaga tena, na pedali inakwenda hadi sakafuni.

Kwa nini mvuke kidogo hivyo uue breki nzima? Fikiria daladala ya saa kumi na mbili jioni, imejaa hadi hakuna pa kuweka kidole. Kondakta akimsukuma abiria wa mlangoni, msukumo unapita kwa mama mwenye kikapu, kwa mwanafunzi, kwa mzee aliyeshika bomba, na yule wa mbele kabisa anabandikwa kwenye kioo saa hiyo hiyo. Hakuna aliyeweza kusinyaa, basi nguvu imefika yote. Sasa kituo kinachofuata apande mtu na godoro la sponji, alisimamishe katikati. Kondakta anasukuma, abiria wa mlangoni anasogea, mama anasogea, godoro linabonyea, basi. Kondakta aongeze nguvu, godoro libonyee zaidi. Wa mbele anaendelea kuchati kwenye simu yake, hana habari. Mafuta ni abiria, mvuke ni godoro, na yule wa mbele ni pedi inayopaswa kuibana diski.

Kinachochosha ni kwamba baada ya saa moja godoro halipo. Mfumo umepoa, mvuke umerudi kuwa maji, na kesho yake asubuhi fundi anakanyaga pedali ngumu kama jiwe na kusema dereva aliogopa tu. Rangi ya mafuta nayo isimdanganye mtu: meusi yanaweza kuwa hayana maji mengi, na meupe yakawa yameshiba. Kuna kifaa kidogo cha umbo la kalamu kinachopima, ila hesabu rahisi ni kuyabadilisha kila miaka miwili.

Yaliyobaki kwenye orodha nayapitia mbio. Tairodi zinafuata, kwa kuwa ikichomoka moja usukani hauna kazi. Kisha mkanda wa taiming, ambao Toyota iliupa taa yake kwenye dashibodi, inayowaka kila kilomita laki moja: ukikatika, valvu zinagonga pistoni na bei ya kila kitu kingine itaonekana ndogo. Kisha rejeta. Oili inayodondoka, weka kopo chini na uongeze kila wiki. Shokapu zisubiri, wageni watarukaruka kidogo. Kiyoyozi na rangi, visahau mwaka huu.

Kwa hiyo, ndugu yetu wa Karatu, nunua lita moja ya DOT 4 yenye mhuri, si ile nusu chupa iliyokaa wazi kwenye rafu ya gereji, maana hiyo imeshakunywa. Mwambie fundi atoe mafuta ya zamani magurudumu yote manne na kutoa upepo, akianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Yakimwagikia bodi yaoshe kwa maji mara moja, yanababua rangi. Na usishuke Seneto kabla ya hapo.