Je, Wajua? Chenso hugoma kwa kupanda mlima

Chenso iliyotegeshwa vizuri Same mjini, chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, inaweza kusumbua kuwaka ukipanda nayo kuelekea kilele cha Shengena, chenye zaidi ya mita 2,400. Huko juu hewa ni nyepesi, lakini kabureta bado inamimina petroli kwa kipimo cha bondeni. Fundi, usiendelee kuvuta kamba choki ikiwa imevutwa, unazidi kuizamisha! Zima swichi, funga breki ya mnyororo, fungua plagi. Imelowa na inanuka petroli? Ikaushe. Rudisha choki, vuta kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje, mbali kabisa na moto au sigara, maana petroli huruka kutoka tunduni. Kisha rudisha plagi, washa swichi, vuta bila choki.