Pai ya chokoleti, nazi na karanga: Kwa nini kakao ya Uganda huzunguka dunia kabla ya kufika jikoni Kampala?

Pai nzito ya chokoleti iliyochanganywa na nazi na karanga si chakula cha asili cha Kampala, lakini sehemu kubwa ya viungo vyake huzalishwa Afrika Mashariki. Kakao hulimwa Bundibugyo, vanila Mukono, karanga mashariki na kaskazini mwa Uganda, na sukari husagwa Lugazi na Kakira. Nazi hupandishwa kutoka pwani ya Kenya na Tanzania.

Hata hivyo, mkebe wa unga wa kakao unaouzwa madukani mara nyingi umetengenezwa ng'ambo. Mwokaji wa Kampala hununua kwa bei ya juu bidhaa ambayo mbegu zake huota zaidi ya kilomita 350 tu kutoka mjini. Makala haya yanaeleza pai hii ni nini, namna ya kuioka katika mazingira ya Kampala, na sababu za safari hiyo ndefu ya kakao.

Jina linalopotosha

Katika vitabu vingi vya mapishi, mchanganyiko huu wa chokoleti, nazi na njugu huitwa kwa jina lenye neno "German", na wengi hudhani umetoka Ujerumani. Sivyo. German lilikuwa jina la ukoo la Samuel German, mtu aliyetengeneza aina ya chokoleti tamu ya kuokea kwa ajili ya kampuni ya Baker's ya Marekani mwaka 1852.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1957, gazeti moja la Dallas, jimboni Texas, lilichapisha mapishi ya keki yaliyotumwa na mama wa nyumbani aliyetumia chokoleti hiyo. Mapishi hayo yalienea Marekani nzima, na pai ikafuata nyayo za keki.

Kwa msemaji wa Kiswahili, hata hivyo, ladha hiyo si ngeni. Nazi, karanga na sukari ndiyo kashata, inayoliwa pwani pamoja na kahawa chungu tangu zamani. Anayeijua kashata ameshaijua nusu ya pai hii; kinachoongezeka ni kakao, mayai na ganda la unga wa ngano.

Kakao: huondoka mbegu, hurudi unga

Mche wa kakao uliletwa Uganda mwaka 1901 kutoka bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, ukapandwa katika bustani ya mimea ya Entebbe. Leo sehemu kubwa ya kakao ya nchi hii hutoka wilaya ya Bundibugyo, chini ya milima ya Rwenzori, mpakani na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko joto na mvua huufaa mti huu, unaopenda kivuli na unaoanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi mitano.

Tunda moja huwa na mbegu 30 hadi 40 zilizofunikwa na utando mweupe wenye utamu. Mbegu hizo hazina ladha ya chokoleti zinapotolewa. Sharti zivundikwe kwa siku tano hadi saba ndani ya masanduku ya mbao au chini ya majani ya migomba, kisha zianikwe juani hadi zikauke vyema. Ni katika uvundikaji huo ambapo uchungu hupungua na chanzo cha ladha hujengeka. Mkulima anayeuza mbegu mbichi kwa sababu ya shida ya fedha hupoteza thamani ya kazi hiyo.

Baada ya kukauka, mbegu nyingi hutiwa magunia na kusafirishwa nje. Huko hukaangwa, humenywa na kusagwa kuwa rojo zito. Rojo hilo likikamuliwa kwa mashine hutoa mafuta ya kakao, na makapi yanayobaki husagwa kuwa unga. Casparus van Houten wa Uholanzi alisajili mashine ya namna hiyo mwaka 1828, na hadi sasa Uholanzi ni miongoni mwa nchi zinazosaga kakao nyingi zaidi duniani, ingawa haina hata shamba moja la kakao.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Uganda haina bahari, hivyo gunia la kakao huteremshwa hadi bandarini, hasa Mombasa, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Kampala. Unga unaorudi huipanda barabara hiyo hiyo ukiwa umebeba gharama za meli, za kiwanda, za kodi na faida za kila aliyeushika. Thamani kubwa huongezwa mbali na alipo mkulima.

Mwaka 2024 jambo hili lilionekana wazi zaidi. Mavuno yalipopungua Côte d'Ivoire na Ghana, nchi zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, bei ya tani moja kwenye soko la New York ilivuka dola 10,000 mwezi Machi, na mwezi Desemba ikapita dola 12,000. Mwaka uliofuata ikaporomoka. Mkulima wa Bundibugyo hana kauli katika kupanda wala kushuka huko, na mwokaji wa Kampala vilevile hana.

Nazi: tui si sawa na chicha

Mnazi hupendelea hewa ya pwani, ndiyo maana nazi nyingi zinazouzwa katika masoko ya Kampala kama Nakasero na Owino zimesafirishwa kutoka mbali. Anayenunua aitikise nazi: ikisikika maji ndani, kuna matumaini kuwa ni nzima. Akague pia macho yake matatu. Yakiwa na unyevu au ukungu, nazi hiyo iachwe.

Katika pai hii nazi hufanya kazi mbili. Tui zito huchukua nafasi ya maziwa ya mkebe na kuleta mafuta yanayolainisha chokoleti. Nazi iliyokunwa na kukaushwa kidogo kikaangoni huleta utafunaji. Chicha lililokwisha kukamuliwa tui lisitumike kwa kazi hii ya pili, kwa kuwa ladha yake imekwisha toka; pai itakuwa na makapi yasiyo na utamu.

Karanga: ladha nzuri, hatari iliyojificha

Mapishi ya Marekani hutumia njugu za huko ziitwazo pekani. Kampala, karanga zinatosha kabisa. Mwenye uwezo zaidi anaweza kutumia korosho au makademia. Kituo cha utafiti cha Serere, mashariki mwa Uganda, kimezalisha aina kadhaa za karanga zijulikanazo kama Serenut, ambazo wakulima wengi wanazifahamu.

Lakini karanga zilizovunwa na kuhifadhiwa zikiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu. Sumu hii huharibu ini, na kwa anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya ini. Ikiliwa kwa wingi huua: mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kukaanga au kuoka hakuiondoi yote.

Kwa hiyo ni salama zaidi kununua karanga nzima kuliko zilizokwisha kutwangwa, maana ndani ya unga huwezi kuona punje iliyooza. Zimwagwe kwenye ungo, zichaguliwe moja moja, na zile zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe. Wasipewe hata kuku. Wahenga walisema nazi mbovu harabu ya nzima, na karanga nazo ni vivyo hivyo.

Namna ya kuoka

Vipimo hivi vinatosha chombo cha kuokea chenye upana wa sentimita 23 na kina kizuri.

Kwa ganda: gramu 200 za unga wa ngano, gramu 100 za siagi baridi, chumvi kidogo, na vijiko vitatu hadi vinne vya maji baridi.

Kwa ujazo: gramu 50 za unga wa kakao usio na sukari, gramu 80 za siagi, gramu 200 za sukari, mililita 300 za tui zito, mayai matatu, vijiko viwili vya wanga wa mahindi, gramu 100 za nazi iliyokunwa, gramu 100 za karanga, vanila na chumvi kidogo. Nazi tatu za kadiri hutosha: mbili za tui, moja ya kukuna. Wanga wa mahindi ni ule mweupe laini wa kuzitishia mchuzi. Unga wa posho haufai, utaacha chengachenga.

Kwanza siagi baridi isuguliwe na unga hadi ifanane na chenga za mkate, kisha maji yatiwe kidogo kidogo hadi unga ushikane. Usikandwe kama wa chapati, kwa kuwa ganda litakuwa gumu. Upumzishwe mahali pa baridi kwa nusu saa, usukumwe, utandazwe ndani ya chombo, utobolewe kwa uma na kuokwa peke yake kwa dakika 15 katika joto la nyuzi 180 za Selsiasi.

Karanga zikaangwe na kukatwakatwa. Nazi ikaushwe kikaangoni hadi ianze tu kugeuka rangi. Siagi, kakao na tui viwekwe kwenye moto mdogo na kukorogwa mpaka viwe kitu kimoja. Visiachwe vichemke kwa nguvu, tui lisije likakatika. Sufuria iepuliwe na ipoe hadi kidole kistahimili joto lake, ndipo mayai yaliyopigwa pamoja na sukari, wanga na vanila yaongezwe. Mayai yakitiwa kwenye mchanganyiko wa moto yataiva papo hapo na kuwa mabonge.

Nazi na karanga zifuate, mchanganyiko umiminwe ndani ya ganda, na pai iokwe kwa dakika 40 hadi 45. Iko tayari pembeni pakishikana huku katikati pakitikisika kidogo. Iachwe ipoe kwa saa tatu au nne kabla ya kukatwa, kwa sababu ujazo huendelea kuganda unapopoa.

Ikiwa hakuna oveni

Jiko la mkaa linaweza kufanya kazi hii. Wanaojua kuoka mkate wa kumimina wanafahamu siri yake: moto kidogo chini, na makaa mengi zaidi yaliyopaliwa juu ya mfuniko. Chombo cha pai kiwekwe juu ya vijiwe ndani ya sufuria kubwa, kisigusane na kitako chake.

Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi. Unyevu huondoka upesi kuliko pwani, hivyo pai ianze kuangaliwa dakika tano kabla ya muda uliotajwa. Kwa kuwa ina tui na mayai, ihifadhiwe kwenye friji na iliwe ndani ya siku tatu.

Je, inawezekana kutumia kakao ya hapa hapa?

Ndiyo, ingawa kwa kiasi kidogo. Wapo watengenezaji wachache nchini wanaosaga mbegu za Uganda na kuuza chokoleti nyeusi. Anayeipata atumie gramu 120 badala ya unga, na apunguze siagi iwe gramu 40, kwa kuwa chokoleti hiyo bado ina mafuta yake ya asili. Sukari nayo ipunguzwe kulingana na utamu wa chokoleti yenyewe.

Chokoleti hiyo mara nyingi si rahisi kuliko unga wa mkebe kutoka nje. Kiwanda kidogo hakiwezi kushindana kwa bei na viwanda vinavyosaga maelfu ya tani, na mashine, umeme na vifungashio vyote ni gharama. Lakini sehemu kubwa zaidi ya fedha inayolipwa hubaki nchini: kwa mkulima aliyevundika mbegu zake vizuri, kwa anayezikaanga, na kwa anayezisaga. Mwokaji anayeuza pai kwa vipande anaweza kuanza na hatua ndogo, kumuuliza muuza duka kakao yake imetoka wapi, kwani muuza duka huleta kile anachoulizwa mara kwa mara.