Tusiiachie Mashine Kumbukumbu Yetu



Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni jambo la chama, nalo ni kumbukumbu. Tutaanza na yaliyotupata sisi wenyewe.

Sisi tuliokulia katika mashamba ya chai tunaikumbuka mizani ya zamani, ile ya kuning'inizwa. Karani alitazama mshale, akatamka kilo, akaandika katika kitabu chake. Mama zetu wengi hawakujua kusoma, lakini haikuwa rahisi kuwapotezea hata kilo mbili. Wengine walifunga fundo katika kamba kwa kila kilo kumi, wengine walitia punje za mahindi katika kopo. Siku ya mshahara mama alisimama mbele ya dirisha akasema: "Jumanne ya wiki ya pili nilipima mara tatu. Mvua ilinyesha mchana. Nipe kilo zangu." Na mara nyingi haki ilikuwa yake.

Kisha ikaja mizani ya kioo. Mchumaji anagusisha kadi yake, mashine inalia, tarakimu zinaonekana kwenye kioo, na hesabu inakwenda ofisini yenyewe. Tuliifurahia, na sababu tulikuwa nazo. Karani wa zamani alikuwa na rafiki zake na adui zake, lakini mashine haina shemeji. Basi kamba zikatupwa na makopo yakarudi jikoni. Hata sisi viongozi wa tawi tuliacha kitabu chetu cha kilo, tukisema kazi hiyo sasa ni ya mashine.

Mwezi mmoja kundi la wachumaji 24 lilipokea mshahara pungufu. Tukaenda ofisini na kelele nyingi. Meneja hakugomba nasi. Aliuliza swali moja tu: "Kila mmoja aniambie, tarehe 12 alipima kilo ngapi?"

Tukatazamana. Watu wale walikuwa wameziona tarakimu zao kwa macho yao wenyewe, kila siku, na hakuna aliyeweza kuzitaja. Ila mama mmoja, mzee kuliko wote, alifungua pindo la kanga yake akatoa kamba yenye mafundo. Hakuwa ameacha desturi yake. Mafundo yalizidi hesabu ya ofisi. Mashine ilipokaguliwa ikaonekana ilikuwa inatoa uzito wa kapu mara mbili.

Yule mama alilipwa haki yake yote. Kwa wale 23 ofisi ilisema hawana hesabu ya kuonyesha. Tulivutana nayo miezi miwili, tukawapatia nusu. Nusu ya pili ilipotea, na sisi viongozi tunakubali kwamba sehemu ya kosa ni yetu.

Je, watu wale walikuwa wavivu au wajinga? Hapana. Ndivyo akili ya binadamu ilivyo. Mwaka 2011 wataalamu watatu huko Marekani, Betsy Sparrow, Jenny Liu na Daniel Wegner, walitangaza jaribio walilolifanya. Waliwapa watu habari fupi fupi waziandike katika kompyuta. Wengine waliambiwa kwamba kompyuta itazihifadhi, wengine wakaambiwa kwamba itazifuta. Walipoulizwa baadaye, walioambiwa zitafutwa ndio waliokumbuka zaidi. Maana yake ni kwamba akili ikijua kuna mwingine anayetunza, inatua mzigo.

Mwaka 2014 mtaalamu mwingine wa Marekani, Linda Henkel, alieleza jinsi wanafunzi walivyotembezwa katika jumba la makumbusho. Vitu walivyovipiga picha walivikumbuka kwa uchache kuliko vile walivyovitazama tu. Lakini walipoambiwa wavute picha karibu, wachukue sehemu moja tu ya kitu, kumbukumbu haikupungua. Kwa hiyo ubaya hauko katika kamera yenyewe. Ubaya ni kuiacha kamera itazame kwa niaba yetu. Nasi tunalijua hilo bila jaribio: ni wangapi kati yetu leo wanaojua kwa moyo namba ya simu ya mke au mume wao?

Kusahau namba ya simu ni jambo dogo. Kubwa ni pale kioo kinaposema hivi, wewe unasema vile, na watu wote wanaamini kioo. Sikilizeni yaliyotokea Uingereza.

Kuanzia mwaka 1999 shirika la posta la nchi ile lilitia katika posta zake ndogo kompyuta za mpango ulioitwa Horizon. Waliokuwa wakiziendesha posta hizo walikuwa watu wa kawaida wa vijijini na mijini, waliofanya kazi kwa mkataba. Kompyuta ikaanza kuonyesha kwamba fedha zimepungua. Watu wakahesabu na kurudia kuhesabu, lakini kioo hakikubadilika. Wengi walilipa upungufu kwa akiba yao, wengine wakakopa kwa ndugu. Wapo walioanza kujishuku wenyewe: labda kweli nimekosea, labda nimesahau. Na wengi waliambiwa, "Ni wewe peke yako mwenye shida hii."

Mwaka huohuo wa 1999 Bunge lao lilikuwa limefuta sharti la kuthibitisha kwanza mahakamani kwamba kompyuta ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Basi neno la mashine likachukuliwa kuwa kweli, na mtu akatakiwa aonyeshe kosa la mashine asiyoweza kuifungua. Mpaka mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wamehukumiwa, na wengine walitiwa gerezani.

Nini kiliwaokoa? Umoja. Mwaka 2009 waliunda chama chao, wakiongozwa na Alan Bates, ambaye mwenyewe alikuwa amenyang'anywa posta yake. Walipokutana na kusimuliana, kila mmoja aligundua kwamba hakuwa peke yake. Watu 555 wakaenda mahakamani pamoja, na Desemba 2019 jaji akaamua kwamba mpango ule ulikuwa na kasoro. Mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile. Lakini miaka ilikuwa imekwisha kupita, na wapo waliokufa kabla ya kuona siku hiyo.

Ndugu zetu, hatusemi tuvunje mizani ya kioo wala tuirudishe ile ya mshale. Tunasema mashine iwe na kumbukumbu yake, na mfanyakazi awe na yake. Tukiwa na hesabu mbili, moja itaikagua nyingine. Tukiwa na moja tu, na hiyo iko ofisini, basi tumemkabidhi tajiri hata macho yetu.

Kwa hiyo tunawaomba mfanye haya:

Kwanza, tarakimu zikitokea kwenye kioo, zitamke kwa sauti kabla ya kuondoka. Aliye nyuma yako azisikie. Jambo lililotamkwa halisahauliki upesi.

Pili, ziandike siku ileile katika kijitabu chako. Asiyejua kuandika afunge mafundo, au amwombe mwenzake amwandikie. Picha ya simu ni nzuri, lakini simu huibiwa na huharibika.

Tatu, kila Jumamosi linganisheni hesabu zenu, wawili wawili, na katibu wa tawi aziingize katika kitabu cha chama.

Nne, kila tawi lidai katika makubaliano na mwajiri kwamba mizani ipimwe kila asubuhi kwa jiwe la mizani, mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi, na kila mtu apewe karatasi ya kilo zake.

Wenzetu wa viwandani mnaopimwa saa zenu kwa kugusa kidole mlangoni, maneno haya ni yenu pia. Andikeni saa ya kuingia na saa ya kutoka.

Yule mama mzee amekwisha kustaafu. Kamba yake tuliiomba, naye akatupa. Imetundikwa katika ofisi ya tawi, juu ya meza ya katibu, na chini yake kiko kitabu cha kilo. Mara hii kinaandikwa kila siku.

Umoja ni nguvu, na umoja unaanza na kukumbuka.