Vidonge vya vitamini D havitoshi kuokoa figo za mwenye kisukari

Baba ana kisukari cha aina ya pili kwa miaka mingi. Majibu ya maabara yanaonyesha protini kwenye mkojo, na vitamini D iko chini. Kijana wake anakwenda duka la dawa kununua vidonge vya vitamini D, akiamini figo zitapona. Je, ni sahihi?

Vitamini D inayotengenezwa na ngozi kwa msaada wa jua haifanyi kazi moja kwa moja. Hupita kwanza kwenye ini, kisha kwenye figo, ambako hugeuzwa kuwa homoni inayotumika mwilini. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu vichujio vya figo na kazi hiyo hupungua. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuota jua kila siku na bado akapungukiwa.

Wenye upungufu huu mara nyingi pia miili yao huwa sugu kwa insulini, yaani insulini ipo lakini sukari haiingii vizuri kwenye seli. Hata hivyo, matatizo mawili kuonekana pamoja si uthibitisho kwamba moja ndilo linaloleta jingine.

Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Marekani kwa watu 1,312 wenye kisukari cha aina ya pili. Baadhi walipewa vitamini D kwa miaka mitano, wengine vidonge visivyo na dawa. Figo za makundi yote zilipungua nguvu kwa kasi isiyotofautiana sana.

Vitamini D bado ni muhimu kwa mifupa, lakini dozi apange daktari. Ikizidi, hupandisha kalsiamu kwenye damu, nayo huumiza figo zilezile unazotaka kuziokoa.

Kinacholinda figo ni kudhibiti sukari na presha, kutoacha dawa, na kutovuta sigara. Figo huharibika kimyakimya, bila maumivu, hivyo usisubiri miguu ivimbe. Mwenye kisukari cha aina ya pili apimwe protini kwenye mkojo na kreatinini kwenye damu angalau mara moja kwa mwaka.

Mzazi, kama wewe au mwenzako ana kisukari, mkienda kliniki ulizeni: figo zilipimwa lini mara ya mwisho?